Mwaka Ua Lilipoacha Kupita Mikononi

Tulimzika Papa Hangi pale Kingi siku ya Jumanne, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuchoka bila kazi. Naamka nimechoka. Nakaa mlangoni kuchambua maharagi, baadaye nashtuka mkono umesimama juu ya ungo na mimi niko mbali. Wazee wa kanisa waliniomba nisimame nimseme marehemu, kwa kuwa katika timu yetu ya zamani nimebaki mimi peke yangu mwenye miguu ya kusimama. Nikasema maneno mazuri, na yote yalikuwa ya kweli. Nilisema alikuwa kapita wetu, msimamizi wa kazi, kwenye kiwanda cha pareto huku Masisi, kwamba hakuwahi kumtukana mfanyakazi hata mmoja, kwamba mikono yake ilijua moto kuliko chombo chochote cha wazungu. Watu wakaitikia, wengine wakalia. Lakini kuna mwaka mmoja niliuruka, kama nilivyouruka maisha yangu yote kila watoto waliponiomba hadithi za kambi ya kiwanda. Nimezeeka sasa na nimechoka kuuruka, kwa hiyo nitausimulia.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya pesa za franga kuondolewa na za zaire kuingia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kuchambua maua makavu ya pareto, yale meupe yenye moyo wa njano ambayo hutolewa dawa ya kuua wadudu. Chumba cha kukaushia kilikuwa kirefu na cha giza, kuta za matofali, ndani vichanja vya waya vimepangwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na mabati. Chini kulikuwa na tanuru la kuni za mikaratusi. Ukiingia tu, harufu ya pareto ilikushika puani, ukapiga chafya tatu, nne, ndipo pua ikakubali. Wageni walitucheka, sisi tukawacheka wao. Mdomoni mwa tanuru, pembeni kidogo, kulikuwa na sufuria moja kubwa nyeusi, na kila mtu alikuja asubuhi na chake: huyu maharagi, huyu viazi, yule kitunguu kimoja amekifunga kwenye kona ya kitenge. Sufuria ilichemka yenyewe kwa moto wa kazi mpaka saa sita, na tulikula pamoja, watu kumi na mmoja kwenye sinia mbili, mikono ikinuka pareto. Hata leo maharagi yasiyo na ule uchungu kidogo wa pareto naona kama hayajaiva sawasawa.

Jambo moja lazima nilieleze vizuri, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kila asubuhi, na tena saa tisa za mchana, Papa Hangi aliingia kati ya vichanja, akachukua ua moja la katikati, akatupanga mstari, na ua likapita mkono kwa mkono. Ulilifinya kwa kidole gumba, ukasikiliza linavyovunjika, ukasema neno moja tu: bado, au tosha. Aliyeanza alikuwa yule mgeni zaidi kazini, ili jibu la wakubwa lisimtishe. Mwaka ule mgeni zaidi nilikuwa mimi. Papa Hangi mwenyewe alisema wa mwisho kabisa, na mara nyingine alibadilisha moto kwa sababu ya neno langu mimi, binti wa juzi, na hakuna aliyenung'unika. Nje ya saa ile, hakuna aliyezungumzia moto. Ilikuwa kukosa adabu, sawa na kufunua sufuria ya jirani ili uonje kama chumvi imetosha. Ukipewa ua unasema, usipopewa unanyamaza. Tulikuwa tumezoea vile mpaka tukadhani dunia nzima inakausha maua namna ile.

Basi siku moja karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa biro, ile ofisi ya kiwanda, kwa Kifaransa, na karani akatusomea kwa Kiswahili, akikohoa katikati. Sosiete yetu, ile kampuni ya pareto, na sosiete moja ya kahawa ya kule porini, Walikale, zilikuwa zimeungana. Kuanzia siku hiyo sisi wote tulikuwa nyumba moja. Karani alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Feza, tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja, akaninong'oneza, "Sasa bale ba kahawa njo batakuja kutukalia, ao sisi njo tutapelekwa kule mu pori?" Mwanamke mwingine akasema, "Kule iko mvua kila siku. Mutoto wangu atakufa na kikohozi." Papa Hangi akageuka, akasema kwa sauti yake ya chini, "Murudi ku kazi. Maua haijue sosiete." Tukacheka, tukarudi, na kwa wiki mbili tulidhani amesema kweli.

Mabadiliko yalianza na vitu vidogo, vidogo mno hata kuvilalamikia ulijiona mjinga. Sisi tulizoea kuitwa kazini kwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, na watu wa kahawa walizoea filimbi. Biro haikutaka kumkasirisha mtu, ikaamua tuwe na vyote viwili. Rimu ililia, baadaye filimbi, na hakuna aliyejua ni ipi ya kuingia na ipi ya kujiandaa, kwa hiyo watu wakaanza kungoja filimbi, hata wale waliozoea kufika kabla ya rimu. Sisi tulizoea kupewa mashamba ya kulima, wenzetu walizoea posho ya mchele na makayabu, samaki wa chumvi. Sasa kila mtu akapata nusu shamba na nusu posho, na kambi nzima ikanuna. "Muchele hausimame mu tumbo," wamama wa Masisi walisema. Kisha likaja lile la sufuria: marufuku kupika kwenye tanuru, kila mtu ale kwake. Siku ya kwanza bila sufuria tulikaa nje ukutani saa sita, kila mmoja na kiazi chake baridi, tukatazamana. Nyimbo za kugeuza vichanja hazikukatazwa na mtu, ziliisha tu. Na nakumbuka zamani tulisema "maua yetu." Katikati ya msimu ule nilisikia Feza anasema "maua ya sosiete," na mimi nikaitikia bila kushangaa.

Papa Hangi aliambiwa akiwa amesimama mlangoni pa biro kwamba atakuwa msaidizi. Kapita mpya angekuja kutoka Walikale, kwa sababu kiwanda cha kahawa alichokuwa akikisimamia kule kilikuwa kimefungwa na ilibidi apatiwe nafasi. Hakubishana. Alivua kofia, akaivaa tena, akaenda kupasua kuni. Nilimwona toka dirishani akipasua mpaka saa ya kutoka, kuni za wiki nzima.

Kapita mpya aliitwa Papa Kibira. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na alinikatisha tamaa, maana alikuwa mtu mwema. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kikubwa, na baridi ya milima yetu ilimtesa hadi akavaa mashati matatu. "Hapa hata jua linavaa koti!" alisema asubuhi ukungu ukiwa umelala juu ya mabati. Alikuja na mkewe, dada Ester, mjamzito wa miezi mitano, na wakapewa chumba kilichopakana na chetu. Ukuta ulikuwa wa tofali moja na juu haukufika kwenye bati, kwa hiyo tulisikia wakikohoa na wao wakatusikia tukichana nywele. Dada Ester hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Siku ya tatu aliniita, "Dada, kuya tukule," na toka hapo, kwa kuwa sufuria yetu haikuwepo tena, nilikula kwao kila mchana. Alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese mekundu, alipika wali ukasimama tumboni vizuri kabisa, na aliniuliza maswali ya kila namna: kwenu mwanamke akijifungua anakula nini, mkunga mzuri ni yupi, baridi hii itaisha mwezi gani. Nilimpenda. Nasema wazi ili mtu asije akadhani alikuwa mgeni kwangu.

Papa Kibira alipewa na direkta, mkuu wa biro, kipimajoto cha kioo, na direkta akaamuru kitundikwe karibu na mlango, ili aweze kukisoma bila kuingia ndani na kuchafua viatu. Mlango ule ulikuwa njia ya ukungu. Ndani vichanja vya katikati viliweza kuwa vimeiva na pale mlangoni chombo kikaendelea kuonyesha baridi. Kila mmoja wetu alijua. Wenzangu walikuwa wamefanya kazi kwenye upepo ule miaka. Papa Kibira alitoka mahali ambako hewa yenyewe ni maji, ambako kahawa haikauki mpaka umelisha moto bila huruma. Akasoma chombo, akaona hakijafika, akaongeza kuni. Asubuhi yake ya kwanza kazini, siku chache baada ya kuhamia, hakutoa ua. Tulisimama mstari kwa mazoea, kumi na mmoja, mikono mitupu, na yeye akashangaa, akatuuliza, "Munangojea nini?" Hakuna aliyejibu, tukatawanyika.

Mchana wa siku ile ile maua yalishuka mezani kwangu. Moyo wa ua, ambao ulipaswa kuvunjika kama ganda la mkate, ulikuwa vumbi vidoleni. Rangi ilikuwa ya tumbaku. Nilisogeza pua karibu na sikupiga chafya. Nilichukua kiganja kimoja, nikaenda nyuma kwenye kuni, nikamfungulia Papa Hangi mkono.

"Papa, maua inaungua."

"Minajua."

"Tumuambie?"

Akaendelea kupanga kuni. "Amekupatia ua mu mukono?"

"Hapana, Papa."

"Amekuuliza?"

"Hapana."

"Sasa utamuambia juu ya nini? Ku biro baliona sisi hatujue kazi. Bon. Muache yeye anayejua."

Nilitupa lile vumbi kwenye majani, nikajipangusa mkono, na nikaenda kula kwa dada Ester.

Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha toka tulipotoka misa mpaka jioni. Nilikuwa nimejilaza, na upande wa pili wa ukuta Papa Kibira na mkewe walikuwa wakizungumza, wakidhani mvua inawaficha. Dada Ester aliuliza kama anaweza kuanza kupanda mchicha wa lenga-lenga nyuma ya nyumba, au angoje. "Ungoje," akasema mumewe. "Direkta aliniambia: musimu moja. Maua ikienda muzuri, tunabaki. Ikienda mubaya, hakuna kazi ingine, kule balishafunga." "Na unaona inaenda muzuri?" Ester akauliza. "Njo minaona," akajibu. "Kule ku kahawa, moto ikipita kipimo, bantu banapiga kelele. Kibira, unatuunguza! Hata mama mufagiaji alikuwa ananipigia kelele. Hapa beko kimya. Kama beko kimya, iko muzuri."

Nililala pale nikitazama bati. Katika kambi nzima, mimi peke yangu nilikuwa nimeelewa sasa kilichokuwa kikitokea. Sisi tulikuwa tunangoja atupe ua ndipo tuseme, yeye alikuwa anangoja kelele zetu ndipo ajue. Ningeweza kugonga ukuta kwa kidole. Jambo lote lingekuwa limekwisha, kabla hata mvua haijakatika. Kwa miaka mingi nilijiambia nilikuwa mtoto na niliogopa. Sikuogopa kitu. Nilikuwa na hasira ya sufuria yetu, ya rimu, ya Papa Hangi na shoka lake, na sosiete haikuwa na uso wa kuukasirikia. Papa Kibira alikuwa na uso, tena alikuwa karibu. Na niliona kwamba nikisema, nitakuwa nimemwacha Papa Hangi peke yake pale kwenye kuni. Sikugonga. Kesho yake nilikula wali na makayabu, na dada Ester aliniwekea kipande chenye nyama zaidi.

Ilikuwa hivyo wiki tatu. Ni muda mrefu kuliko unavyosikika. Kila siku tulifunga magunia ya vumbi, tukayashona vizuri, tukayapakia. Watu walianza kuchekana pembeni, kicheko kibaya cha kufunika mdomo, na mara kicheko kikaisha, tukabaki tunachoka tu. Kufanya kazi mbaya kwa makusudi kunachosha kuliko kubeba magunia. Nilikuwa nikirudi chumbani miguu inauma na sijasimama sana. Feza alisema siku moja, "Mimi ningependa hata mbwa angekuja amuambie." Kila mmoja akangoja mwenzake.

Lori likarudisha magunia. Mjini walipopima waliona maua yetu hayana dawa tena, ni makapi. Direkta alituita uani saa nne asubuhi, magunia yamerundikwa mbele yetu, moja limefunguliwa. Hakupiga kelele, na hilo lilitutisha zaidi. Aliuliza kapita ni nani. Papa Kibira akasogea mbele na mashati yake matatu. Direkta akatuuliza sisi, polepole, na karani akatafsiri: kuna mtu aliyeona maua yanaharibika? Nilitazama viatu vya Papa Hangi. Vilikuwa havisogei. Nilitazama vya Feza. Hapo Papa Kibira akajibu kwa niaba yetu, kabla mmoja wetu hajafungua mdomo, kama kweli kulikuwa na wa kuufungua. "Hakuna aliyeona, Direkta," akasema. "Bangeniambia. Hawa ni bantu bazuri. Kosa iko yangu."

Waliondoka siku ya pili kwa lori lililokuwa likielekea upande wa Walikale. Tumbo la dada Ester lilikuwa limekua, na dereva akamwekea gunia tupu la pareto akalie. Alinipa mawese yaliyobaki, nusu chupa, akaniambia nisiyaweke kwenye baridi yakaganda. Nilisema asante. Nilisaidia hata kumpandisha, nikamshika mkono mpaka akakaa.

Papa Hangi alirudishiwa ukapita. Asubuhi ya kwanza alikataa kutazama kile kipimajoto, akaingia kati ya vichanja, akatoka na ua moja, akatupanga mstari. Akaniwekea mkononi, kwa kuwa bado nilikuwa mgeni zaidi. Nililifinya. Lilikuwa bado, hata kipofu angejua ni bado. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Vile Papa ataona." Feza akalipokea, akasema, "Vile Papa ataona." Likapita watu kumi hivyo hivyo, na likamfikia yeye. Alisimama nalo mkononi muda mrefu. Alijaribu tena saa tisa, na wiki ile yote, na mwisho akaacha, akawa anaamua moto peke yake. Tuliruhusiwa hata kurudisha sufuria, lakini watu wakaendelea kula kwao. Baada ya misimu miwili aliacha kazi, akarudi Kingi kulima. Tulionana sokoni na kanisani zaidi ya miaka hamsini, tukaulizana habari za watoto na za mvua. Mara moja tu, akiwa tayari mzee, alinishika mkono njiani akasema, "Furaha, angeniuliza mara moja tu. Moja tu." Nilijua anamsema nani. Sikumwambia nilichosikia ukutani, na sasa amekufa hajui.

Siku ya tatu ya matanga, tukiwa tumekaa kwenye mikeka chini ya shiti la turubai, alifika mama mmoja mzee sana, amekuja na mjukuu wake kutoka Masisi kituoni, ambako anakaa kwa bintiye. Akasalimia wafiwa, akaketi pembeni yangu, akanitazama. "Furaha," akasema. Nilimjua kwa sauti. Dada Ester alinishika magoti kwa mikono yote miwili, akafurahi kweli, akanihesabia watoto wake na waliokufa. Papa Kibira alikuwa amefariki zamani. Hakupata kazi ya sosiete tena. Alilima mihogo upande wa Pinga, akabeba mizigo ya watu, mgongo ukamshinda.

"Lakini hakukuwa na uchungu na ninyi," akasema. "Mpaka kufa alikuwa anaambia batoto: kule Masisi nilikuta bantu ba heshima, niliharibu kazi yao yote na hawakunisema hata neno. Njo maana niliposikia Papa Hangi amekufa, nilisema lazima niende nimulilie, juu ya mume wangu."

Wanawake walikuwa wakiimba. Nilingoja wamalize, na walipomaliza nikaona sina tena nguvu ya kungoja kitu kingine.

"Mama Ester," nikasema, "maua ilikuwa inaungua, na tuliona."

Mikono yake ilibaki magotini pangu. "Muliona lini?"

"Siku ya kwanza."

Midomo yake ilitembea, akihesabu. "Alikausha wiki tatu," akasema.

"Wiki tatu."

"Na wiki ile yote tatu ulikuwa unakuya kukula kwangu."

"Kila siku," nikamjibu.